Fundi wa Breki na Njia ya Mikindani

Mtaa wa Buyenzi unamjua Uthmani kwa miguu yake kuliko kwa uso wake. Mwaka wa thelathini na moja huu analala chali chini ya magari ya watu, na wateja wengi wakija kuchukua gari huishia kuongea na viatu viwili vilivyotokeza chini ya bampa. Wanaviambia viatu asante, wanaondoka. Kazi yake ni breki tu. Injini haigusi, na taa anasema ni mapambo. Gari lisilowaka, kwa maneno yake, halijamuua mtu bado.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anapanda magari kama anavyopanda kitandani kwake. Thubutu. Katika mji mzima wa Bujumbura sidhani kama kuna mwoga wa safari kumshinda. Tangu azaliwe mwisho wake ni Gitega, na huko alikwenda mara moja tu, kwenye maziko, ameketi karibu na dereva, mguu wa kulia umekandamiza sakafu njia nzima kama vile pedali iko kwake. Aliporudi alichechemea siku tatu. Wenzake wa gereji walicheka mpaka wakachoka, naye hakuona cha kuchekesha, maana wao walikuwa wanatengeneza redio za magari na yeye alikuwa anajua kilichoko chini.

Mkewe Fatouma aliizoea hofu hiyo kama mtu anavyozoea mlango unaokwama. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Amira, na Amira aliolewa mbali: Mikindani, mji mdogo wa pwani kule chini kabisa mwa Tanzania, karibu na Msumbiji. Mwalimu mmoja wa huko alimkuta Kigoma, Amira akiwa kwa shangazi yake, na ndoa ikafungwa hukohuko Kigoma. Uthmani ndiye aliyekuwa walii, lakini hakwenda. Aliwakilishwa na shemeji yake, kisha akasikiliza khutba kwenye simu, amekaa juu ya tairi bovu, akilia. Amira alisema hakuna neno, baba. Alisema hivyo kwa sauti ya kucheka, na baba mtu akakubali kudanganywa.

Hayo yalikuwa miaka minne iliyopita. Tangu hapo Amira alipoteza mimba mbili. Mwezi wa tatu mwaka huu alipiga simu, mimba ya tatu ina miezi sita, na safari hii hakucheka.

"Mama aje," alisema. "Kama mama hayuko hapa, mi sitaweza."

Hilo halikuwa jambo la kujadili. Kwao mtoto wa kwanza hazaliwi bila mama wa mzazi kuwa karibu, wa kumkanda binti yake kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumpikia uji na kumlinda siku arobaini. Kesho yake Fatouma alianza kukusanya: kitambaa cha kufungia tumbo, mafuta, mawese ya Rumonge, leso mbili mpya. Begi likawekwa sebuleni, likabaki wazi. Lililobaki kuamuliwa lilikuwa moja, njia ya kumfikisha Mikindani, na Uthmani, kwa vile ni mtu wa magari, alisema aachiwe yeye.

Hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ndege mpaka Dar es Salaam, halafu nyingine mpaka Mtwara, na kutoka hapo Mikindani ni karibu kabisa. Mkwe wao alisema atasaidia. Uthmani akauliza nani anakaza nati za ndege. Fatouma akasema watu waliosoma. Uthmani akasema amewaona waliosoma, wanaleta magari yao kwake, na kitu kikilegea huku chini gari linasimama pembeni ya barabara, kule juu pembeni iko wapi?

Ya pili ilikuwa ziwa: boti mpaka Kigoma, treni mpaka Dar, kisha basi la kufuata pwani. Juu ya njia hiyo Uthmani hakubishana, na Fatouma naye hakuitaja tena, kwa sababu mdogo wake Uthmani, Shakuru, alichukuliwa na ziwa hilohilo akiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye boti la mizigo ya sabuni. Hawakumpata. Mpaka leo Uthmani akipita Kibenga, ambako maji yameingia mpaka kwenye nyua za watu, huangalia upande wa pili.

Ikabaki basi. Siku mbili mpaka Dar kwa kupitia mpaka wa Kobero, na siku ya tatu Mikindani. Mabasi Uthmani hakuyaogopa kwa kutoyajua. Aliyajua moja moja, kwa majina ya madereva na kwa upana wa nyufa. Hili ngoma zake za breki zimekwisha. Lile dereva wake anashuka mlima wa Bugarama na gia huru ili apunguze mafuta. Kila Fatouma alipotaja basi, mumewe alilitafutia kasoro, na wiki ikapita, ikapita nyingine. Amira akaingia mwezi wa nane. Begi likabaki pale sebuleni, wazi, na Fatouma akawa analizunguka bila kulitazama.

Jumatatu moja Fatouma alikwenda mjini na kurudi na tiketi. Hakuomba ushauri. Aliiweka mezani, karibu na sahani ya wali, akasema ameamua mwenyewe, kwa sababu akimsubiri fundi, mtoto ataanza shule. Ataondoka Alhamisi alfajiri na basi la Mzee Obeid.

Kijiko cha Uthmani kilisimama njiani. Fatouma alidhani ni ile hofu yake ya siku zote, akaendelea kula. Kumbe ilikuwa nyingine kabisa.

Mzee Obeid ni mfanyabiashara, babu yake alitoka Omani, na ana duka la vitambaa na mabasi mawili makubwa. Moja halijatembea tangu mwaka jana kwa kukosa mafuta, liko nyuma ya ghala linakusanya vumbi na kuku. La pili, jeupe, ndilo linalokwenda Dar. Mwezi wa kwanza dereva wake, Astère, alilileta kwa Uthmani mchana mmoja likipiga mluzi. Breki za mabasi hayo ni za upepo. Kila gurudumu lina chemba yake, na ndani ya chemba kuna kiwambo cha mpira ambacho upepo unakisukuma. Kiwambo cha gurudumu la nyuma kushoto kilikuwa kimepasuka na upepo unatoka ovyo. Kipya hakikuwepo. Wenye maduka ya vipuri walisema hakuna dola, hakuna mzigo. Na abiria walikuwa wamekwisha kulipa, basi liondoke kesho yake.

Basi Uthmani akafanya kile ambacho mafundi wote wa upande huu hufanya wakibanwa, na hakuna anayekisema kwa mwenye gari. Alifungua bomba la upepo linaloingia kwenye ile chemba, akatia sarafu ya faranga kumi kwenye maungio, akakaza. Sarafu ikaziba. Mluzi ukakoma, geji ya upepo ikapanda, pedali ikawa ngumu vizuri. Gurudumu lile tu ndilo likabaki halina breki. Alimwambia Astère aende polepole na alirudishe baada ya wiki. Astère akasema sawa, fundi. Halikurudi, na Uthmani hakulifuata. Linatembea, si linatembea? Akalisahau, na tuseme ukweli, alilisahau bila taabu.

Sasa alikumbuka. Usiku ule hakulala, na wa pili hivyo hivyo. Jumanne alizunguka maduka yote ya vipuri kutafuta kiwambo, akakosa. Alimpata Astère akiosha basi, akamuuliza kwa mbali kama lile gurudumu lilishughulikiwa. Astère alisema anadhani fundi mmoja wa Dar aligusa gusa breki siku moja, yeye anachojua linasimama. Uthmani alitaka kumwambia basi lisiondoke. Hakumwambia. Angesema nini kwa Mzee Obeid? Kwamba miezi minne amemficha? Jina la fundi ni kitu kimoja tu alichonacho mtaani, nyumba ni ya kupanga.

Akajaribu mlango wa nyuma. Jumanne jioni akaanza kuisifu ndege. Akasema amefikiri, ndege ni chombo salama, mahujaji wote hupanda ndege. Jumatano akaligeukia ziwa, akasema mwezi huu huwa limetulia. Hapo Fatouma akaweka chini kitambaa alichokuwa anakunja, maana kwa miaka thelathini hajamsikia mumewe akilitetea ziwa. Akamuuliza ana nini. Uthmani akasema hana kitu, tumbo tu. Akatoka nje, akasimama uani kama mwizi.

Alhamisi Uthmani na mkewe walifika wakati watu wanatoka msikitini. Basi lilikuwa limesimama mbele ya ghala, injini haijawashwa, abiria kama arobaini wanapakia mizigo. Fatouma akapanda, akakaa kiti cha tisa, dirishani, begi mapajani. Alikuwa na furaha usoni kama bibi harusi, na furaha ile ndiyo iliyomshinda Uthmani. Akazunguka nyuma, akalala chini kwa nguo zake safi za kusindikizia, akaingia chini ya basi.

Sarafu yake aliijua bila kuiona. Maungio yalikuwa na vumbi la miezi minne, hakuna aliyeyagusa. Akakaa pale chali, anasikia nyayo za watu juu ya kichwa chake wakitafuta viti. Kisha, kwa mazoea tu, akatambaa kuelekea mbele, akiangalia gurudumu moja moja. Nyuma kulia pazima. Mbele kushoto pazima. Mbele kulia, nati ya bomba ilikuwa na makovu ya ufunguo ambao si wake. Alikuwa na ufunguo wake mfukoni, hatoki nyumbani bila huo. Akalegeza taratibu, na kitu kikamwangukia kifuani.

Sarafu. Ya Kitanzania, ya shilingi hamsini.

Fundi wa Dar, ambaye hawajawahi kuonana wala hawatawahi kuonana, alikuwa amefanya vilevile, na kwa haraka ileile, na bila shaka akasema linatembea. Uthmani alirudi nyuma, akaifungua na yake, akazishika mbili mkononi. Basi lenye magurudumu manne ya breki lilikuwa linakwenda na mawili. Lilikuwa linapanda Bugarama na kushuka Bugarama na mawili. Alisikia baridi ikimpanda kutoka kwenye udongo mpaka mgongoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi hakuweza kutoka chini ya gari. Miguu ilikataa. Ilibidi Astère, aliyeviona viatu, amvute.

Alisimama mlangoni mwa basi, nguo zote grisi. Hakujua aanze vipi, akainua mkono wenye sarafu.

"Shukeni," alisema. "Hii bisi iko na frein mbili tu. Ingine moja nilifunga mi mwenyewe, mwezi wa kwanza, na sikusema kwa mutu."

Kelele zilizofuata hazina haja ya kuandikwa. Mzee Obeid alikuja na kanzu yake na fimbo yake, akamwita majina ambayo mtu wa swala tano hapaswi kuyajua, kisha akakaa juu ya gunia na kushika kichwa. Astère aliapa kwamba hakujua ilivyofungwa, na pengine ni kweli. Watu walitaka hela zao. Mmoja akataka polisi. Lakini Uthmani alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, ambaye alishuka wa mwisho, begi mkononi, na furaha yote imemtoka.

Fatouma hakupandisha sauti. Alimsogelea mumewe mpaka karibu.

"Papa Amira," alisema, "toka mwezi wa kwanza, hii bisi ilibeba wamama wangapi?"

Uthmani akaziangalia sarafu mkononi mwake.

"Hao walikuwa apana bibi yako. Ndiyo maana ulikuwa unalala."

Akaenda kukaa mbali, kivulini mwa ghala, amempa mgongo.

Ninamjua Uthmani miaka mingi, na ninasema aliyoyafanya siku ile aliyafanya kama mtu anayekimbizwa. Alivunja kimya cha Mzee Obeid kwa kumwomba jambo moja: lile basi bovu nyuma ya ghala. Halina mafuta, lakini chemba zake ni nzima. Mzee akamtazama kana kwamba anataka kumpiga, halafu akampa funguo. Uthmani akafukuza kuku, akaingia chini, akatoa chemba zote nne, akazipima moja moja kwa upepo, akachagua mbili bora, akazifunga kwenye jeupe. Kisha akafungua hata zile zisizokuwa na kasoro na kuzikagua. Hakula. Adhuhuri aliiswali kwenye kipande cha boksi, akarudi chini. Ilipofika alasiri Astère alilizungusha basi uwanjani na kukanyaga breki, likasimama mpaka vumbi likalitangulia. Magurudumu manne yakaacha alama nne chini, watu wakaja kuziangalia.

Waliochukua hela zao na kwenda walikuwa kumi na kitu. Waliobaki walibaki kwa sababu hawana njia nyingine. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mnene aitwaye Spéciose, muuza vitenge, ambaye huenda Kariakoo mara mbili kwa mwezi. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake tangu alfajiri. Sasa akasimama. Alisema alama ameziona, ni nzuri, lakini hata mwezi wa kwanza basi lilisimama vizuri uwanjani. Yeye anataka dhamana.

"Fundi apande," alisema. "Mpaka Dar. Akipanda, na mi napanda."

Watu wakaitikia. Hata Mzee Obeid akaitikia, tena akasema kiti hatamlipisha.

Uthmani aliiona barabara yote, na kona ambazo amekuwa akizisikia kwa madereva, na makorongo, na nyuma ya hayo bahari asiyoijua. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwamba angependa sana, ila hana karatasi za kuvukia mpaka.

Fatouma akainuka kutoka kivulini. Akaja, akafungua begi, akapekua chini kabisa, chini ya kitambaa cha kufungia tumbo, akatoa lese-pase mbili. Moja yake. Ya pili ilikuwa na picha ya Uthmani, ile aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Alikuwa ameitengeneza tangu mwezi wa nne na kuificha, akitumaini kwamba siku moja mwenyewe ataomba. Akampa, akarudi kukaa.

Ijumaa alfajiri basi liliondoka. Uthmani alikaa kiti cha kumi, pembeni ya mkewe, na zile sarafu mbili ngumini. Tangu jana Fatouma alikuwa hajamsemesha. Walipanda Bugarama ndani ya ukungu, wanawake wa kando ya barabara wakiinua mafungu ya karoti na kabichi, na Uthmani akisikiliza kila mlio kama daktari. Kupanda kulimtisha. Lakini alijua kupanda si kitu. Baada ya Bugarama barabara ikaanza kuteremka, na ndani ya basi watu wakaacha kuongea. Kona ya kwanza Astère akakanyaga. Upepo ukapumua, moja, mbili, tatu, nne. Basi likapungua mwendo.

Kutoka kiti cha upande wa pili Spéciose akamwinamia.

"Mara nane nimepanda hii bisi toka mwaka uanze," alimwambia, bila hasira, kama anayetoa habari. "Na mara zote nilikuwa nalala. Sasa nambie, fundi. Tunaweza kulala?"

Miaka thelathini na moja amewajibu watu swali hilo. Nenda, iko sawa. Maneno hayo yalimjia mdomoni peke yao, na safari hii yalimtia hofu kuliko korongo lililokuwa dirishani.

"Laleni," alisema mwishowe. "Mi nabaki macho."

Spéciose akajifunika kitenge mpaka kichwani. Mmoja mmoja wakalala, kichwa juu ya kioo, kichwa juu ya bega la jirani, maana walikuwa wamekesha siku mbili. Fatouma peke yake hakulala. Alikuwa anautazama mguu wa kulia wa mumewe, ulioikandamiza sakafu, na hakuondoa macho yake hapo mpaka Kobero.